Siku Tamimu Alipoukana Utani

Sihaba alimwita Tamimu Kiboko wa Matopeni, na Tamimu alimwita yeye Nyani wa Milimani. Wazee wa Sihaba walikuwa Wamatumbi walioteremka kutoka vilimani wakahamia Kibiti. Wa Tamimu walikuwa Wandengereko wa Salale, kule delta, ambako hata kumjulia hali jirani unapanda mtumbwi. Babu zao walikuwa watani, baba zao watani, na wao wakazaliwa wakaukuta utani kama walivyoukuta msikiti na kisima. Sihaba akipita dukani kwa Tamimu, pale Kibiti, na mikeka yake kichwani, husimama katikati ya wateja akamtukana mpaka aridhike, na Tamimu humrudishia. Wageni wa Dar es Salaam hudhani pana ugomvi, mpaka wamwone mwanamke anajichukulia kipande cha sabuni bila kuuliza na mwenye duka anacheka.

Duka lenyewe halikuwa la siku nyingi. Milango ya biashara ilipofunguliwa, Tamimu aliacha kuchuuza samaki akaingia kwenye boriti za mikoko. Alizitoa delta, akazipakia majahazini bandari ya Nyamisati, na zilikokwenda alijua mwenyewe. Zikarudi bati, vitenge na redio za kaseti. Hakuna aliyemwuliza. Ulipokaribia uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, akasema anautaka udiwani.

Katikati ya pilika hizo mama yake, Bi Waride, akafariki.

Sihaba alilia kwanza, maana mama yule alimpenda. Kisha akanawa uso akaishika kazi ya mtani msibani, kuwachekesha wafiwa. Akajitanda kanga ya marehemu, akachukua mkongojo wake, akaupinda mgongo, akatoka uani akichechemea hadi walikokaa wanaume wakingoja jeneza litolewe.

"Tamimu! We Tamimu!" akaita kwa sauti ileile ya puani ya Bi Waride. "Boriti zote za Salale umezivusha bila kibali, umewajengea watu wa ng'ambo majumba. Leo mama yako unakuja kunifunika kaburini kwa vijiti vya mhogo?"

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Tamimu, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana yake, alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

"Mtani," alimwambia akifuta macho, "angalau nimepata pumzi."

Lakini waliokuja kuzika hawakuwa ndugu na majirani peke yao. Haikupita wiki, maneno ya Sihaba yakawa wimbo sokoni. Wapinzani wa Tamimu waliyaimba kwenye mikutano yao: boriti bila kibali, boriti bila kibali. Siku moja mtu akanyoosha mkono mbele ya umati akataka aonyeshwe hicho kibali. Tamimu akazungumzia barabara.

Siku chache baadaye Sihaba akaletewa samansi. Anashtakiwa kwa kumkashifu Bwana Tamimu hadharani.

Alicheka. Alikwenda moja kwa moja dukani akiipeperusha ile karatasi. "Kiboko, safari hii umenipiku! Na muhuri umeupata wapi?"

Tamimu hakuinua uso. Alikuwa anapima kitenge. "Tutaonana huko huko, mama," alisema.

Mama. Sihaba alisimama pale akiwa na karatasi mkononi. Wanalingana umri, na hata siku moja hajawahi kumwita hivyo. Aliondoka bila sabuni.

Siku ya kesi alisindikizwa na kaka yake, Amri. Hakimu alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye miwani. Akamsomea yale maneno, akamwuliza kama ni yake.

"Ni yangu, mheshimiwa. Niliyasema msibani. Huyu ni mtani wangu."

Hakimu akavua miwani. "Hata kwetu utani upo," alisema. "Mtani hashtakiwi kwa maneno ya msibani. Bwana Tamimu, nijibu jambo moja tu. Bibi huyu ni mtani wako? Ukisema ndiyo, mimi sina kesi. Nendeni nyumbani."

Sihaba akamgeukia Tamimu, tabasamu limeshaanza kumjia. Akamwona anawatazama wanaume wawili wa chama chake waliokaa benchi la nyuma.

"Hapana, mheshimiwa," Tamimu alisema. "Namfahamu kama muuza mikeka. Mambo ya utani yalikuwa ya wazee wetu, mimi sina utani na mtu."

"Tamimu!" Sihaba alisema. "Tamimu, mimi?"

Karani aliandika.

Hukumu ilikuwa aombe radhi mbele ya watu, sokoni, kwa karatasi iliyoandikwa na karani. Amri alitaka kumsomea, akakataa. Alisoma polepole kwa kisomo chake cha ngumbaru: "Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kwamba maneno niliyoyatamka hayakuwa ya kweli." Watu walitazama chini. Alijua, nao walijua, kwamba ndiyo mara ya kwanza anasimama mbele yao akasema uongo.

Tamimu alipata udiwani. Tangu hapo Kibiti watu wakawa waangalifu. Palipofiwa, watani walikaa kwenye mikeka wakatoa pole kwa upole, mmoja mmoja, wakaondoka.

Baada ya Idi Tamimu akaja nyumbani kwa Sihaba na doti ya kanga. Alimkuta ukumbini anashona mkeka.

"We Nyani wa Milimani, bado umenuna? Zile zilikuwa siasa tu. Tangu lini mtani akaweka kitu moyoni?"

Jibu lilimjia Sihaba papo hapo, tamu kweli, lihusulo kitambi chake kipya. Lilifika hadi kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema. "Karibu kiti."

Tamimu alicheka. Akangoja. Sihaba alipoushika tena mkeka wake, kicheko kikamwishia Tamimu mdomoni.

"Sihaba, nitukane basi," alisema kwa sauti ya chini.

"Mheshimiwa ana shida gani, tumsaidie?"

Tamimu akaiacha kanga juu ya kiti, akaondoka. Sihaba alimwita Amri, akamwomba amkimbilie ampelekee mzigo wake, kwa adabu. Kisha akainamia mkeka akaendelea kushona, na machozi yakawa yanadondokea ukindu.