Salamu ya Dirishani

Saa kumi jioni, wiki moja kabla ya Krismasi, kitu kiligonga mara moja kwenye kidirisha cha paani. Nje tayari kulikuwa giza totoro, kama ilivyo Iceland majira ya baridi, na tufani ya theluji ilikuwa haijatulia tangu mchana. Steinunn aliweka chini sufu aliyokuwa akisokota.

"Ni Ketill," alisema. Mumewe alikuwa ametoka asubuhi kutafuta kondoo waliopotelea bondeni.

"Kama ni Ketill, atasema," alijibu Gudlaug, mama mkwe wake, bila kuinua macho.

Katika mashamba yale ya Iceland, anayefika gizani hapigi hodi mlangoni. Hupanda juu ya paa la udongo, huinamia kidirisha na kusema, "Mungu awe humu." Ndipo hufunguliwa. Mzuka, wazee husema, hauwezi kulitamka jina la Mungu. Hugonga mara moja, basi.

Kikagonga tena, mara moja. Kisha ikaja sauti nzito isiyo na neno ndani yake, kama ng'ombe anayeugulia zizini.

"Mama, nifungue?"

"Umfungulie nani? Mwanangu ana domo pana kuliko mlango wa zizi. Angekuwa yeye, tungemsikia tangu mtoni akidai supu yake."

"Labda amechoka."

"Neno moja tu, binti yangu. Hata mtoto analiweza. Keti."

Steinunn akaketi. Kitu kiliteremka ukutani, kikaukwaruza mlango kwa muda, kikanyamaza. Wanawake wakala, wakabakiza supu ya mtu mmoja.

Asubuhi tufani ilikuwa imekwisha. Mlango uligoma kusukumika kwa sababu Ketill alikuwa ameuegemea. Alikuwa ameketi, mkono mmoja juu, umeganda hivyo hivyo. Skafu ya sufu, ambayo Steinunn mwenyewe alikuwa amemfunga mdomoni mizunguko mitatu, ilikuwa imelowa kwa pumzi, ikawa barafu na kushikana na ndevu. Waliimwagia maji ya uvuguvugu. Skafu ilitoka. Taya halikufunguka.

"Kumbe," alisema Gudlaug.

Walimlaza ghalani kando ya samaki wakavu, wakaegemeza gogo mlangoni, wamngoje kasisi mpaka mto upitike.

Jioni ile Steinunn alirudi kwenye sufu yake. Hakulia. Aliona uzi ukipita vidoleni, lakini hakuuhisi.

Paa likakanyagwa. Kisha, kidirishani, sauti ya Ketill, safi, isiyokwama popote:

"Mungu awe humu."

Gudlaug akamshika mkwewe mkono. "Usiende."

"Amesema, mama."

"Nimesikia."

"Jana ulitaka neno moja. Hilo hapo."

Mkono wa Gudlaug ukalegea.

"Mungu akubariki," Steinunn akaitikia kidirishani, kama ilivyo desturi. Akaenda mlangoni, akaondoa komeo.