Umri wa Kitimbi

Kwenye mabanda ya farasi wa mbio, kila farasi huongezewa mwaka tarehe mosi Januari, hata kama amezaliwa juzi. Ndiyo desturi ya mchezo wetu, na kwenye karatasi inapendeza. Mifupa, lakini, haijui kusoma.

Mimi ndiye mtunzaji. Kila mwezi huwashika farasi wadogo, daktari wa mifugo akiwavuta damu shingoni ili apime madini na vimeng'enya vya mifupa. Msumbufu ni Kitimbi. Jina hilo nilimpa mwenyewe, siku aliponila kofia ya pili.

Mwezi wa tatu daktari alikuja na majibu, uso umemkunjamana. Tuliketi chumba cha hatamu, yeye, mimi na mkufunzi, ambaye ni shemeji yangu, mume wa dada.

"Wa miaka miwili wote wako sawa, isipokuwa huyu jike," daktari alisema. "Kimeng'enya cha mifupa kimepanda karibu mara mbili ya wenzake. Kwa umri wake kilipaswa kiwe kimeshuka. Nahofia ni ugonjwa."

"Basi simtaki," shemeji akasema. "Mwenye mikokoteni anakuja Ijumaa. Amchukue."

Kitimbi nilimzalisha kwa mikono hii, halafu akavute matofali na mifupa michanga?

"Daktari, kwa mtoto hicho kimeng'enya kinakuwaje?"

"Kwa mtoto kinakuwa juu sana, maana mfupa bado unajengwa. Hushuka kadiri anavyokua. Na msimu nao una mkono wake, wakifungiwa ndani miezi ya mvua bila jua."

"Sasa huyu miaka miwili kaitoa wapi?"

Alinionyesha cheti. Mwaka tu. Siku na mwezi, patupu. Nikaona haya, kwa sababu wa kuandika nilikuwa mimi, na asubuhi ile nilikuwa nakimbilia arusini.

"Shemeji," nikasema, "ulioa lini?"

"Hilo linahusu nini?"

"Nijibu tu."

Akafikiri. Alifikiri muda ambao dada yangu asingeupenda. "Mwaka juzi. Mwezi wa kumi na moja."

"Na mimi nilifika saa ngapi?"

"Ulifika watu wameshakula. Gauni limejaa damu na nyasi, na kwenye picha ukasimama mbele kabisa. Mpaka leo mama ananiuliza ulimchinja nani."

"Sikuchinja. Nilizalisha."

Daktari alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa vidole. Wenzake Kitimbi walizaliwa mwezi wa pili mwaka ule. Yeye alikuja mwishoni, mvua zinaanza, akaitwa wa mwaka mmoja akiwa na wiki saba.

"Miezi kumi na sita," daktari akasema, akakata alichoandika. "Nitampima tena, lakini kwa umri huo haumwi, anakua. Msimkimbize mwaka huu."

Msimu mzima bila mbio ni mchungu kwa mkufunzi. Shemeji aliumeza. Akatoa simu, akamwambia mwenye mikokoteni asijisumbue. Mimi nikatoka nikalia shingoni mwa Kitimbi, naye akatumia nafasi hiyo kunila kitambaa cha kichwa.

Ile picha sasa imetundikwa chumba cha hatamu, mimi na damu yangu mbele kabisa. Chini yake shemeji ameandika, kwa mkono wake, tarehe aliyozaliwa Kitimbi. Dada anasema walau sasa hataisahau siku aliyomuoa.