Siku ya Thelathini

Mzee alifika bila taarifa, Jumanne ya pili ya Oktoba, saa nne asubuhi, amevaa suti nyeusi ya misibani. Mlinzi wa getini alipiga simu maabara akasema kuna mtu ametoka mji wa Nakatsugawa, anamtaka yeyote anayehusika na mitambo ya majaribio, na amekataa kukaa kwenye kiti.

"Chiharu, nenda wewe," mwenzangu Nagumo alisema bila kuinua macho kwenye bomba alilokuwa akilifunga. "Wewe ndiye mwenye sura ya huruma. Mimi nikitokeza atadhani nimekuja kumfukuza."

Nilishuka ngazi huku nikifunga vifungo vya koti la kazi. Alikuwa mfupi, mweupe wa nywele, ameshika kwa mikono miwili boksi lililofungwa kwa kitambaa cha zambarau. Kabla sijajitambulisha aliinama mpaka nikaona kisogo chake.

"Naitwa Kuramochi Yasuji," alisema akiwa bado ameinama. "Mimi ndiye niliyeua mtambo wenu. Nimekuja kuomba radhi."

Jina lile nililijua. Nyumba namba saba, kati ya kumi zilizowekewa mitambo yetu ya umeme.

Kwetu Japani mtu aliyekosa hatumi barua. Huvaa nguo nyeusi, hununua boksi la vitamu, huenda mwenyewe hadi mlangoni kwa aliyemkosea. Katika miaka miwili ya kazi nilikuwa nimeshatembea mara moja nyuma ya mkuu wangu nikibeba boksi kama lile. Sikuwahi kuletewa. Na aliyestahili kupanda treni siku ile, kuvaa nyeusi na kuinama mlangoni kwa mwenzake, nilikuwa mimi.

Nilimkaribisha chumba cha wageni, nikampa chai. Aliisukuma ile zawadi mezani hadi mbele yangu.

"Keki za maharage matamu. Si kitu. Ningeleta mtambo mwingine, lakini nimeulizia dukani, wakaniambia hawauzi."

Nilicheka, kisha nikaona aibu kwamba nimecheka.

"Ilikuwa Agosti," aliendelea. "Nilikuwa namwagilia nyanya. Nikaona taa nyekundu inawaka kwenye mita ya gesi. Hapo juu ya mita pamebandikwa karatasi: taa hii ikiwaka, funga koki ya mtungi. Nikafunga. Binti, mimi nimekuwa fundi wa reli miaka thelathini na minane. Taa nyekundu ikiwaka, mtu hasimami kujadiliana nayo."

Ulifanya sawasawa, mzee. Maneno hayo yalifika kwenye meno yangu yakaishia hapo. Nilichosema ni, "Pole sana."

"Mwanangu akaletewa ripoti yenu. Imeandikwa, chanzo cha hitilafu: mtumiaji alifunga gesi mtambo ukiwa kazini. Akaisoma mara mbili, halafu akaniangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyekutwa na kiberiti. Tangu siku hiyo mkwe wangu amebandika utepe juu ya kila swichi. Vitufe vya jiko wameving'oa. Siku wakitoka, na mlango wanafunga. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu wananipeleka nyumba ya wazee."

"Wanakupeleka kwa sababu ya mtambo?"

"Wanasema akili yangu imeanza kuondoka. Siwalaumu. Wana hofu nitawachoma." Alizungusha kikombe taratibu. "Ila nataka kujua jambo moja. Imeondoka kweli, au la? Mwenye akili hawezi kujipima mwenyewe. Ninyi mna vipimo. Chunguza. Ukipata jibu, liwe zuri liwe baya, njoo uniambie kwa mdomo wako, mwanangu akisikia. Barua wataisoma wao, mimi wanigawie kipande."

"Nitakuja," nikasema. "Kabla ya Jumapili hiyo."

"Utakuja kweli? Ninyi vijana wa viwandani mna kazi nyingi."

"Nitakuja, mzee."

Alinishukuru. Aliinama tena getini, na nilipogeuka kurudi ndani mlinzi aliniuliza kama ninaumwa.

Hapakuwa na cha kuchunguza. Jibu nilikuwa nalo wiki tatu tayari.

Seli zetu ni vijiti bapa vya kauri, vifupi kuliko kalamu, vimepangwa safu kama meno ya kitana. Gesi hupita ndani, hewa hupita nje, na kwenye joto la nyuzi mia saba umeme hutoka bila moto kuonekana, na joto linalobaki huchemsha maji ya kuoga. Nilipouona mtambo kama huo mara ya kwanza chuoni, taa imewaka kutokana na kipande cha kauri, nilisimama pale hadi mwalimu akaniomba nimpishe. Niliamua maisha yangu yatakuwa hayo. Niliwaza nyumba zilizokatikiwa umeme baada ya tetemeko, na kila moja ina kasha kando ya ukuta linaloendelea kuvuma kwa upole.

Lakini kauri ile haipendi kupoa. Kila inapopoa hujikunja kidogo, kila inapopashwa hutanuka, na umri wake hupungua. Programu tuliyorithi ilikuwa ikiusimamisha mtambo siku moja kila baada ya siku ishirini na sita. Hakuna aliyenieleza kwa nini, nami sikuuliza. Niliona tu seli zinateswa bure. Mwezi Julai nikabadilisha namba kwenye nyumba kumi za majaribio: badala ya ishirini na sita nikaweka arobaini. Nilifanya hivyo kwa kuzionea huruma, na nilijivuna.

Maabara yetu haina mita ya nyumbani. Nyumba ina mita, na mita ina hesabu yake: gesi ikipita siku thelathini bila kupumzika hata saa chache, huhesabu kwamba bomba linavuja, na huwasha taa nyekundu. Mapumziko ya siku ishirini na sita yaliwekwa kwa ajili ya mita, wala si kwa ajili ya seli. Kwenye nyumba tisa bahati iliniokoa, mafundi waliisimamisha mitambo kwa ukaguzi, au wenye nyumba walisafiri. Nyumba namba saba ilifika siku ya thelathini. Taa ikawaka. Mzee akatii karatasi. Gesi ilipokatika, hewa iliingia kwenye vijiti vikiwa bado vya moto, nikeli, metali iliyomo ndani, ikashika kutu, ikavimba, ikaipasua kauri safu nzima.

Ripoti niliiandika mimi, siku mbili tu baada ya hitilafu, kabla sijaelewa. Septemba nilipoelewa, nilirudisha namba ishirini na sita ndani ya marekebisho ya kila mwezi, katikati ya mambo mengine kumi na manne, nikanyamaza. Nilijiambia hakuna aliyeumia, ni kauri tu iliyopasuka.

Niliporudi maabara Nagumo alikuwa amelinusa boksi.

"Mgeni wako ana adabu. Hizi ni za duka la stesheni, watu hupanga foleni. Mbona huli?"

"Kula wewe."

"Chiharu hali keki? Jamani, ita gari la wagonjwa."

"Nagumo, nyamaza kidogo."

Aliniangalia, akalirudishia boksi mfuniko.

Jumatano nilimfuata mkuu wetu, Bwana Togashi. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika kijiti cha kauri bila kukivunja. Aliniwekea kwanza biskuti mkononi siku nzima, kisha ndipo akanipa seli. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunikatiza.

"Ulijua lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Na ukarudisha ishirini na sita kimyakimya."

"Ndiyo."

Alivua miwani akaisugua muda mrefu. "Muhuri wangu wa kuidhinisha mabadiliko yale uko chini ya jina lako. Kwa hiyo niliisoma ile namba arobaini nami sikushtuka. Mimi, niliyekuwepo walipoweka ishirini na sita. Kamati inayoidhinisha majaribio inakaa Machi. Ikisikia tumechezea programu kwenye nyumba za watu bila kufikiria mita, inaweza kufunga majaribio yote. Nagumo ana mtoto wa miezi mitatu, unajua."

"Najua, mkuu. Mzee anahamishwa tarehe ishirini na nane."

"Mpigie mwanawe simu. Mwambie babake ni mzima."

"Ataniuliza nimejuaje."

Togashi alivaa miwani yake. Nilidhani ananifukuza. Akavuta kiti cha pili akakiweka kando ya chake.

"Kaa. Tuandike upya. Na uandike vizuri, hii ndiyo watakayoisoma mara nyingi kuliko zote."

Tuliandika siku mbili. Pale palipokuwa na neno mtumiaji, nikaandika jina langu na tarehe ya Julai. Alhamisi jioni tuliipeleka ngazi ya juu ikiwa na mihuri miwili. Nilipata usingizi vizuri usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu Septemba, na nikadhani sehemu ngumu imekwisha.

Jibu lilichukua wiki mbili. Lilifika Ijumaa mchana, siku mbili kabla ya mzee kuhamishwa: ripoti imepokelewa, barua rasmi ya kuomba radhi itaandaliwa na kupelekwa katikati ya Novemba, hadi hapo mfanyakazi yeyote asiwasiliane na familia.

"Katikati ya Novemba," nilisema.

"Nimesoma," Togashi alisema. "Nimewapigia mara mbili. Hawasogei." Alisimama dirishani, amenipa mgongo. "Nikuambie ninavyojua, usije ukasema hukuambiwa. Ukienda, umekwenda bila kampuni. Jumatatu hawataniruhusu kukuweka kwenye seli. Wanahitaji mtu wa kuandika vitabu vya maelekezo, jengo la pili. Ukikaa kimya wiki tatu, naweza kukutetea ubaki."

"Nilimwahidi kabla ya Jumapili."

"Alikuandikisha?"

"Hapana."

"Basi hiyo ndiyo ngumu zaidi kuivunja," alisema.

Jumamosi nilipanda treni ya asubuhi kwenda Nakatsugawa. Njia nzima nilikuwa nikipanga sentensi. Nilipanga moja iliyoanza na "kwa bahati mbaya", nikaitupa. Nikapanga nyingine iliyoanza na "sisi", nikaitupa pia.

Nyumba ilikuwa juu ya kilima, nyuma ya shamba la chai. Kasha letu bado lilikuwepo ukutani, limezimwa, buibui wameshaanza kulizoea. Mkwe wa mzee, mama mwenye uso uliochoka, alinifungulia mlango akaiangalia kadi yangu ya kazi.

"Mmekuja kuuchukua mtambo?"

"Nimekuja kumwona mzee. Nilimwahidi."

Ukumbini maboksi ya nguo yalikuwa yameshafungwa, kila moja limeandikwa jina lake kwa kalamu nene, kama mizigo ya mtoto anayekwenda bweni. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mkeka chumba cha mbele, mgongo umenyooka, mikono magotini. Aliponiona hakutabasamu.

"Umekuja. Haya, niambie. Imeondoka?"

Nilipiga magoti mbele yake. Sentensi zote za kwenye treni zilinitoka.

"Haijaondoka, mzee. Kosa ni langu. Mita huhesabu siku thelathini, mimi niliweka arobaini. Taa iliwaka kwa sababu yangu, nawe ulifunga koki kama ulivyoelekezwa. Nilijua hayo kabla hujaja kuniomba radhi, nikakuacha uiname." Nikaweka viganja kwenye mkeka, nikainama. "Nisamehe."

Nilisikia mkwe wake akiweka chini trei ya chai.

"Arobaini," mzee alisema. "Na mita ukaisahau."

"Sikuisahau. Sikuwahi kuifikiria hata kidogo."

"Relini tungekupa ufagio miezi sita."

"Nimeshapewa. Naanza Jumatatu."

Alitoa sauti ndogo puani. Sikuthubutu kuinua kichwa kuona kama ni kicheko. Kisha akageukia mkwe wake, naye alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Tetsuro yuko wapi?"

"Nje, baba. Anafunga godoro lako juu ya gari."

"Mwite." Akanigeukia. "Yeye ndiye aliyepaswa kusikia. Nilikwambia mwanangu akisikia. Ngoja aingie, kisha useme tena tangu mwanzo. Usipunguze."

Nilingoja. Mlango wa mbele ulifunguka, mwanamume mnene mwenye jasho akaingia na kamba begani, akaniangalia mimi, akamwangalia baba yake.

"Kuna nini? Huyu nani?"

Nikaweka viganja vyangu kwenye mkeka kwa mara ya pili, nikamtajia jina langu, nikaanza na namba arobaini.