Nyayo kwenye Lipu

Fundi lipu alimaliza ukuta wa sebule saa tisa alasiri, akaulainisha kwa sifongo, akaosha mwiko wake. Nyumba ilikuwa mlimani, mbali na bahari. Lakini mchanga wa lipu yake ulichotwa ufuoni, nao ulishika saa za kwao. Maji yalipojaa huko, ukuta ulitoka jasho. Yalipokupwa, nyayo kumi na nne zilijitokeza kwenye lipu mbichi, kimo cha kifua, zikitoka mlangoni kuelekea dirishani. Za kushoto zilizama zaidi na kisigino kilikuwa kimeburutwa. Fundi alizitambua kuwa za mama yake, akavua ovaroli kwa heshima.

Mama huyo alikuwa mwokota chaza. Mwaka uliopita alitumbukia katika shimo lililoachwa na malori ya mchanga, bahari ikarudi ikamfunika. Hakuonekana tena, na kaburi hana. Enzi za uhai wake aliwaambia wanawe kuwa ufuo ni kazi ya subira: mto husaga majabali, samaki hutafuna matumbawe na kuyatoa yakiwa unga, kila kombe lililokufa huacha nyumba yake, ndipo kaa wakapata pa kuchimba, na kasa pa kuweka amana ya mayai yake. Lori hujazwa kwa nusu saa.

Asubuhi msimamizi wa ujenzi alifika. Alikuwa mtu wa adabu, akauamkia ukuta kwanza.

"Fundi, mama yetu mwambie apite nyuma ya nyumba. Hapa mwenye nyumba anataka rangi ya maziwa."

"Hata alipokuwa hai alikuwa haambiliki."

"Basi mfunike."

Dada mkubwa wa fundi alikuja na kuketi mbele ya ukuta. "Mdogo wangu, hatuna pengine pa kumzuru," alisema. "Uache hivyo hivyo."

Fundi alimjibu kwamba ukuta si wake. Alipiga tabaka jipya. Mchanga ukaisha, lori likatumwa ufuoni. Kesho yake nyayo zilikuwa kumi na moja. Akafunika tena, lori likaenda tena, zikawa nane.

Msimamizi alifurahi kwamba bibi huyo ameanza kuchoka. Dada alitikisa kichwa.

"Hajachoka. Shimo ndilo linalomsogelea, kila lori linapochota."

Msimamizi alikiri kwamba huenda ni kweli, akaagiza mchanga mwingine.

Siku ya kukabidhi nyumba ulibaki unyayo mmoja, wa kushoto, kando ya mlango. Kaa mdogo alikuwa amechimba kisiginoni. Dada alisema, "Shikamoo, mama," akaweka kiganja ndani ya unyayo, akakiacha humo mpaka kaa alipotoka. Kisha akasogea pembeni, kwa kuwa ndugu yake alikuwa amesimama nyuma yake na brashi imelowa rangi ya maziwa.

Uani, lori lilikuwa likimwaga mchanga wa ukuta wa uzio.