Liwa ya Mundhir

Miezi minne na siku kumi Bi Asila aliumwa kichwa, na dawa yake imo kabatini, hatua sita kutoka kitandani. Hakuigusa. Eda ni eda: mjane hajipaki chenye harufu nzuri, na dawa yenyewe ilikuwa liwa, msandali uliosagwa. Shehe alimtumia salamu kwamba mgonjwa ana ruhusa. Wapi! Kichwa kilichokuwa kikimuuma ndicho kilichokuwa kigumu kupita vyote mtaa mzima wa Ipuli, kikakataa.

Tiba ile waliipata kwa Kanti, Mhindi wa duka la vitambaa, kabla hajahamia Dar es Salaam. Aliiita Ayurveda, elimu ya mababu zake. Mafuta ya ufuta ya vuguvugu utosini, maji ya giligilani iliyolowekwa usiku kucha yanywewe asubuhi, kisha liwa kwenye paji la uso. Alimfundisha Mundhir, mume wa Bi Asila, maana alisema mgonjwa asijihudumie. Alale, afumbe macho, mikono yake ipumzike. Basi miaka ishirini na sita Mundhir ndiye aliyemkanda. Kwenye duka lake mwenyewe alikuwa na maneno kama cherehani, lakini akishika kichwa cha mkewe hasemi neno.

Alipojua maradhi yake hayatamwacha, Mundhir alikaa barazani wiki nzima akisaga liwa juu ya jiwe. Aliifinyanga madonge madogo, akayaanika, akayatia kwenye kopo la maziwa ya unga. "Nikiondoka," alisema, "utalowesha tu." Bi Asila alimkemea aache kujitabiria. Sasa anajuta, maana hata asante hakumpa.

Siku ya kutoka eda wanawake walijaa tangu asubuhi. Aliyesimamia ni Maua, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na Maua akisimamia jambo, hakuna anayekaa. Alipokwisha kuswali alasiri walimwogesha Bi Asila, wakamsinga kwa manukato mwili mzima, wakamfukiza udi, wakamvika nguo mpya. Wakala pilau. Binti yake Ghadir akapiga simu kutoka Maskati, akalia kidogo, akasema mtandao mbaya. Jioni kila mmoja akashika njia ya kwake, nyumba ikabaki na sauti ya friji.

Kichwa kikaanza, upande wa kushoto kama kawaida. Safari hii Bi Asila hakuogopa, hata alitabasamu. Akatia maji kwenye kisahani, akafungua kabati, akatoa kopo.

Lilikuwa jepesi. Ndani lilikuwa limeoshwa na kusuguliwa mpaka linang'aa.

Akatoka uani, akaita juu ya ukuta. "Maua, mwanangu. Liwa iliyokuwa kwenye kopo iko wapi?"

"Si ndiyo tuliyokusingia leo, Bi Asila?" alijibu Maua. "Niliikuta kabatini, nikajua umejiwekea kwa siku ya leo. Nzuri kweli ile. Imetosha mpaka nyayoni." Kisha akachungulia juu ya ukuta. "Kwani nimekosea?"

Bi Asila alishika ukuta. Amlaumu kwa lipi? Mtoto wa watu amefuata mila, tena kwa mapenzi.

"Hukukosea," alisema. "Mungu akulipe."

Alirudi chumbani, akajilaza upande wake wa kitanda. Alilia kama ambavyo hakulia hata siku ya mazishi. Kazi ya Mundhir ya wiki nzima ilikuwa juu yake, mabegani, magotini, kila mahali isipokuwa usoni, ambapo wanawake walimpaka poda tu.

Utalowesha tu. Akachovya mkono kwenye kisahani, akaulaza kwenye paji la uso, akafumba macho. Harufu ilikuwapo. Mkono ulikuwa wake mwenyewe.

"Asante, Mundhir," alisema.

Magharibi ikaadhiniwa. Bi Asila, ambaye hajawahi kuchelewesha swala, alibaki amelala vilevile. Alijua akiinuka atatawadha, na maji yataondoka na liwa.