Kobe, Kiherehere na Mkwe

Jumatatu asubuhi mama mmoja mshonaji aliingia kwenye kampuni ya cherehani akiwa ameikumbatia mashine yake kama mtoto mwenye homa. Akaiweka juu ya kaunta, akauliza iko wapi. Hakuwa na wazimu. Kompyuta ya mauzo ilisema mashine hiyo imeuzwa. Ya stoo ilisema haijatoka ghalani. Ya karakana, iliyokuwa mji mwingine, mwendo wa usiku kucha kwa basi, ilisema imefunguliwa na inasubiri kipuri. Zote tatu zilikuwa zimemtumia ujumbe, na mama alitaka kujua aziamini hizo au ayaamini macho yake.

Meneja mkuu, ambaye wafanyakazi walimwita Mzee Punguzo kwa kuwa hata salamu angeweza kuipatania bei, alimwita mchambuzi wa mifumo.

"Tafuta programu ya kuunganisha hizi data," alisema. "Jaribu tatu, zilinganishe, niletee iliyo bora. Na hiyo iliyo bora iwe rahisi."

Mchambuzi alikuwa mwanamke mtaratibu, mama wa binti aliyeitwa Chiriku kwa sababu hakunyamaza hata usingizini. Mumewe alikuwa fundi katika karakana ile ya mbali. Kampuni iliwatenganisha kabla Chiriku hajaota meno. Kila mwaka mchambuzi aliomba mumewe ahamishwe, na kila mwaka ombi lilirudi na jibu lile lile. Fundi alikuja nyumbani wakati wa likizo, na mtoto akishaanza kumzoea, likizo ikaisha.

Programu ya kwanza wakaiita Kobe. Ilikusanya data zote mara moja kwa siku, alfajiri, kisha ikalala. Siku ya kwanza ya majaribio mchambuzi alidamka kwenda kuitazama, na binti yake akamfuata. Alipofungua kabati la karatasi atoe karatasi za kuchapia, akaikuta karakana ile ya mbali nyuma ya rafu. Harufu ya mafuta ya mashine ilimjaa puani. Mumewe alikuwa ameinamia benchi, bisibisi mkononi.

"Funga mlango, vumbi linaingia kwenye gia," alisema bila kuangalia. Kisha akaangalia. "Kumbe ni nyie. Mpitishe mtoto."

Chiriku akapitishwa juu ya rafu, akaketishwa kwenye benchi, akaanza kumsimulia baba yake habari za shule tangu mwanzo wa muhula. Hakufika mbali. Kobe alimaliza kunakili, na karatasi zikaanza kurudi mahali pake kabatini. Mama mtu alimvuta mtoto upesi. Kiatu kimoja kilibaki karakana, wakakipata alfajiri iliyofuata, kimepigwa rangi.

Kwenye ripoti mchambuzi aliandika: "Inaaminika. Inafungua mara moja tu kwa siku. Haifai kwa familia." Akalisoma, akafuta neno la mwisho, akaandika "shughuli za haraka".

Ya pili iliitwa Kiherehere. Hii haikungoja alfajiri wala jioni. Ilichukua data popote ilipoziona na kuunganisha chochote kilichofanana na kingine. Kabati likawa wazi kutwa. Lakini mtunza stoo wa makao makuu alikuwa na jina moja na fundi, na wote wawili walizaliwa mwaka mmoja. Jioni mchambuzi aliporudi nyumbani alimkuta mtunza stoo mezani, ameshanawa mikono.

"Samahani, shemeji," alisema. "Nilikuwa naelekea kwangu. Nimefikia hapa."

"Basi kula kwanza," mchambuzi akamwambia, akampakulia.

Fundi naye alikuwa amefikia nyumbani kwa mtunza stoo. Mchambuzi alipompigia simu mke wa mtunza stoo, yule mama alijibu kwa utulivu. "Naona si mume wangu, dada. Lakini bomba langu limevuja tangu kiangazi, na huyu ana mikono. Mwache amalize."

Akamaliza. Bomba likaacha kuvuja, ila fundi hakuonana na mkewe, kwa maana kulipokucha Kiherehere kilimrudisha karakana moja kwa moja. Mchambuzi aliandika: "Ina kasi. Inaunganisha wanaofanana, si wanaohusiana."

Ya tatu wakaiita Mkwe, kwa kuwa haikuingia popote bila kubisha hodi. Kila ilipokuta majina mawili yenye shaka, iliuliza kwenye skrini: je, huyu na huyu ni mtu mmoja? Mchambuzi alijibu maswali hayo mpaka macho yakamuuma. Mashine ya yule mama mshonaji ikawa mashine moja, mahali pamoja, na ujumbe ukaja mmoja. Ndani ya kabati rafu zilijisogeza pembeni, pakatokea mlango wa kweli wenye kitasa, na chini yake kitambaa cha kufutia miguu. Ulifunguka kazi ilipoanza na kufungwa kazi ilipokwisha.

Kisha Mkwe akauliza jambo ambalo hakuna aliyemtuma kuliuliza: je, huyu na huyu ni mume na mke? Akauliza hivyo kuhusu mchambuzi na fundi. Akauliza kuhusu mpokeaji simu na dereva wa tawi la milimani. Akauliza kuhusu mhasibu na mpaka rangi wa karakana. Maswali yaliteremka kwenye skrini kama mvua kwenye kioo. Ili kuyajibu, ilitakiwa ruhusa ya idara ya utumishi.

Bi Utumishi alikuwa mwanamke nadhifu, kalamu zake zimepangwa kwa urefu. Alimsikiliza mchambuzi mpaka mwisho.

"Data za watumishi haziunganishwi," alisema. "Kwangu mimi, wewe hujaolewa."

"Cheti cha ndoa nimekuletea mwenyewe, Bi Mkubwa."

"Kipo. Mumeo naye, kule kwake, hajaoa."

"Na huyu?" Mchambuzi alimwonyesha Chiriku, aliyekuwa amesimama pale akitafuna mkate na kueleza jinsi konokono anavyolala.

Bi Utumishi alimtazama mtoto kwa makini. "Huyo hayumo."

"Lakini tuko wengi. Mnajua, na bado mnatutenganisha."

"Ndiyo," alisema Bi Utumishi, bila ubaya wowote. "Mtu asiye na wa kumkimbilia haangalii saa. Kampuni imejengwa hivyo. Sikuijenga mimi."

Mzee Punguzo alichagua Mkwe, akaomba punguzo, akapewa. Mauzo, stoo na karakana vikaunganishwa. Utumishi ukaachwa nje. Ombi la uhamisho lilijibiwa juma hilo hilo: kwa kuwa mwombaji anamwona mwenzake kila siku kupitia kabati, ombi halina msingi.

Mchambuzi aliisoma barua hiyo mlangoni pa kabati, mumewe akiisoma begani kwake. Saa ya kufunga ilikuwa imekaribia.

"Huu mlango asubuhi unafunguka?" fundi aliuliza.

"Kazi ikianza tu."

"Na kazi yangu inaanza saa hiyo hiyo." Alifikiri kidogo, akarudi karakana, akatoka na begi lake na godoro la bweni lililoviringishwa. "Basi nitaingilia huku."

Mchambuzi akalishika godoro upande mmoja. Chiriku alishika begi na kuendelea na habari za muhula pale alipokuwa ameachia.

Koridoni walikuta hawako peke yao. Dereva wa milimani alikuwa akitoka kwenye kabati la mapokezi na beseni la nguo. Mpaka rangi alikuwa amesimama mbele ya mhasibu, hana la kufanya na mikono yake, mpaka mhasibu alipompa mkoba aubebe. Mlinzi, ambaye kazi yake ilikuwa kumwandika kila anayeingia, alikuwa akiwafungulia watu ambao hawakuwa wameingia.

Bi Utumishi alitoka wa mwisho, kutoka kwenye kabati lile lile la karatasi. Alimwongoza kwa mkono bibi mmoja mzee aliyekanyaga polepole, kwa kuwa karakana ilikuwa katika mji wa mama yake, na miaka mingi ilikuwa imepita bila kuonana naye.

"Ombi lako nimelikataa," alimwambia mchambuzi.

"Nimeiona barua, Bi Mkubwa."

"Mwakani nitalikataa tena."

"Nitaliandika tena."

Bi Utumishi alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa jibu sahihi. "Shikilia mlango basi," alisema, "mama apite."

Mchambuzi alishikilia mlango wa nje kwa mkono mmoja na godoro kwa mkono wa pili. Bibi akapita, akamsalimia fundi, akamuuliza Chiriku konokono huyo analala wapi. Nje kulikuwa bado na jua.