Tundu la Ubao

Kila Jumatatu, kabla ya kazi kuanza, wachinja-ndege walipitishwa katika tundu la ubao. Nyapara aliusimamisha mwenyewe penye lango la kile kiwanja kidogo, ambako ndege kubwa za abiria zilizostaafu huletwa kukatwa vipande. Tundu lake lililingana barabara na mlango wa tangi la mafuta lililo ndani ya bawa. Aliyepita aliingia matangini kufungua nati; aliyekwama alirudi kwao.

Sindano alikuwa amepita kwa miaka mitatu. Nyumbani mkewe humpakulia vijiko viwili tu vya chakula, kisha hugeuza uso. Lakini tangu miezi miwili iliyopita miguu yake ilikuwa ikivimba, na tumbo likafuata, gumu kama ngoma. Jumatatu hiyo alikwama kiunoni.

"Ala! Sindano amekuwa mchi!" nyapara alicheka. "Kumbe mshahara unawatosha. Unakula nini huko kwako?"

"Sili, mkubwa. Ni moshi wa mafuta. Naumwa."

"Wagonjwa wako hospitali."

"Nina watoto wanne, mkubwa wangu."

"Basi toa pumzi."

Sindano akatoa pumzi yote. Shemeji yake, fundi wa msumeno, alimsukuma kwa bega. Akapita, na ngozi ya ubavu wake ikabaki ubaoni.

Bawa la siku hiyo lilikuwa limekwisha kung'olewa, likalazwa kichalichali juu ya matairi. Sindano alisukumwa tena, akazama tangini. Jua lilipanda, bati likawaka, na mvuke wa mafuta ukamkaba koo. Alipofungua nati ya mwisho alisimama ili atoke. Kichwa kikatoka, mikono ikatoka, kifua kikatoka. Kiuno kikagoma.

"Vuta, shemeji!"

"Navuta! Umefura zaidi ya asubuhi." Shemeji akaushika msumeno. "Tulia, nakata bati."

"Weka chini!" Nyapara alikuja mbio. "Bawa hili limeuzwa zima. Mwenyewe analifuata Alhamisi. Ukilitia mkwaruzo, wewe na huyo wako hamna kazi."

"Na mtu je, mkubwa?"

Nyapara alimtazama Sindano kutoka kifuani hadi pale mwili ulipoishia kwenye bati.

"Si amesema yeye hali chakula? Asile. Atapungua."

Asubuhi iliyofuata mkewe alikuja na bakuli. Kwa mara ya kwanza lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Alipanda juu ya tairi, akamnyooshea kijiko.

"Kula, baba watoto. Kula angalau kidogo."

Sindano akafumba kinywa. Alikuwa akitazama lango, juu ya bega la mkewe. Ilikuwa Jumanne, lakini ubao ulikuwa umesimamishwa. Wanaume wageni kumi na mmoja walipanga foleni, mashati mkononi, na wa kwanza alikuwa akitoa pumzi.